Mhariri Huanzia Ukurasa wa Mwisho
Hotuba kwa waandishi wa makala za kitaaluma, Kampala

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu mlioketi mbele, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, bassebo ne bannyabo: hamjambo, na asanteni kwa kunialika.

Nimepewa marejeleo. Waliotangulia walipewa nadharia na mbinu za utafiti. Mimi nimeachiwa mkato, nukta na mabano, tena saa ambayo watu wameanza kunusa chai. Sitalalamika. Ila niwatolee siri ya meza ya uhariri: mswada ukiingia, baadhi yetu hatuanzi na ikisiri. Tunakwenda moja kwa moja ukurasa wa mwisho. Pale, kabla sijasoma hata aya moja ya hoja yako, naona umesoma nini, usomaji wako ulikomea mwaka gani, watafiti wa hapa kwetu umewasoma au umewaruka, na kama uliufungua mwongozo wetu au umetuletea mswada ulioandaliwa kwa ajili ya jarida jingine. Hili la mwisho linaonekana upesi kuliko mnavyodhani.

Leo sitawafundisha mkato unakaa wapi. Huo mtaukuta kwenye mwongozo wa jarida, na kila jarida lina wake. Ninalotaka kusema ni kwamba rejeleo huandikiwa mtu asiyekujua, ambaye siku moja atataka kukiona kile ulichokiona wewe. Ukipanda boda hapa Wandegeya ukamwambia dereva "nipeleke Kampala", hujamwambia kitu. Yuko Kampala tayari. "Mukasa, 2015" bila zaidi ni hivyo hivyo.

Mitindo yenyewe nitaipitia mbio. Ule wa mwandishi na mwaka, tunaouita Harvard, asili yake hutajwa kuwa makala ya mwaka 1881 ya Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa chuo hicho, aliyeandika juu ya ukuaji wa mayai ya konokono asiye na gamba. Hakuna kitabu kimoja cha sheria za Harvard ambacho dunia nzima inakifuata, ndiyo maana Harvard ya jarida moja inatia mwaka kwenye mabano na ya jingine haitii. Wanasaikolojia wa Marekani walitoa maelekezo yao ya kwanza mwaka 1929, kurasa saba tu. Leo mtindo wao, unaoitwa APA kwa kifupi cha jina la chama chao, uko toleo la saba, la mwaka 2019, na ni kitabu kizima. Watu wa Chuo Kikuu cha Chicago walianza na kitabu chao mwaka 1906. Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wakataka mswada mmoja uweze kupokelewa na majarida mengi bila kuchapwa upya. Hizo zilikuwa zama za taipureta. Kuchapa upya kulikuwa kazi ya siku kadhaa.

Mnaona basi kwamba hakuna mtindo ulioshuka kutoka mbinguni. Ni makubaliano ya watu waliokuwa na shida zao. Usipoteze jioni ukibishana upi bora. Uliza jarida lako linataka upi, kisha fungua makala mbili tatu za toleo lake la karibuni uone kama wao wenyewe wanafuata wanachokisema. Mara nyingine hawafuati! Mwongozo unasema hivi, makala zilizochapishwa zinasema vile. Hapo mwandikie mhariri mistari miwili umuulize. Hatung'ati.

Sasa tuchukue rejeleo moja tulitazame kwa karibu, na nimechagua la hapa nyumbani. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika, njia ya kuelekea Entebbe, watafiti walipata kwenye damu ya tumbili kirusi kilichokuwa hakijulikani. Makala ilitoka mwaka 1952. Kwa mtindo wa Vancouver inaandikwa hivi: Dick GWA, Kitchen SF, Haddow AJ. Zika virus. I. Isolations and serological specificity. Trans R Soc Trop Med Hyg. 1952;46(5):509–20.

Angalieni. Herufi za mwanzo za majina hazina nukta wala nafasi kati yake. Jina la jarida limefupishwa, na ufupisho huo si wa kujitungia. Upo kwenye orodha ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani. Mwaka umekaa baada ya jarida, hakuna nafasi baada ya nuktamkato, na ukurasa wa mwisho umekatwa: 20 hapo maana yake 520. Ukiipeleka makala hiyo hiyo kwenye APA, mwaka unaruka mbele na kukaa baada ya majina, jarida linaandikwa kwa jina lake refu kwa italiki, namba ya juzuu nayo inalazwa lakini namba ya toleo kwenye mabano inasimama wima, na kurasa zinatajwa kamili. Habari ni ile ile.

Hadi hapo ni kazi ya macho tu. Mtego uko kwingine. Katika juzuu ile ile, toleo lile lile, ukurasa 521, inaanza makala nyingine, Zika virus, sehemu ya pili, na hiyo Dick aliiandika peke yake. Inahusu jinsi kirusi kinavyoleta ugonjwa na maumbile yake. Kwa hiyo "Dick na wenzake, 1952" ni kitu kimoja, na "Dick, 1952" ni kitu kingine kabisa. Mwandishi anayesimulia jinsi kirusi kilivyopatikana msituni akaandika "Dick (1952)" amempeleka msomaji mlango wa jirani. Mhakiki anayeijua fani atasimama hapo, na kuanzia hapo atakusoma kwa jicho jingine.

Makala ile ya kwanza ina DOI pia, yaani namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni: 10.1016/0035-9203(52)90042-4. Watu huniambia "hii ni ya zamani, haina DOI". DOI zilianza kutumika mwaka 2000, lakini wachapishaji wamerudi nyuma wakazipa hata makala za zamani sana, kwa hiyo tafuta kwenye tovuti ya Crossref, wanaosajili DOI, kabla ya kuapa. Na mnaona yale mabano katikati ya namba? Baadhi ya programu zikikutana nayo hukata kiungo hapo hapo. Dawa yake ni rahisi: ukishaibandika kwenye mswada, ibofye. Ikifungua makala nyingine, au isifungue kitu, bora ujue wewe kabla yangu.

Na swali la adabu: umeisoma? Kama uliikuta imetajwa ndani ya makala ya mtu mwingine, sema hivyo: Dick na wenzake, 1952, kama walivyonukuliwa na fulani. Kwenye orodha unamweka yule fulani uliyemsoma. Hakuna aibu. Aibu ni pale fulani alipokosea ukurasa, nawe ukarithi kosa lake.

Sasa nije kwenye majina, na hapa nitakaa kidogo.

Mitindo yote hii imejengwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba jina hilo linakaa mwisho. Kwetu sivyo. Uganda hii, ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza wasiwe na jina hata moja wanalofanana. Rejista ya shule inaandika Nakato Sarah. Binti anakua, anapata shahada, makala ya kwanza anajiandika Sarah Nakato, ya pili Nakato Sarah kama alivyozoea darasani, ya tatu S. Nakato. Mfumo wa kompyuta unaokusanya makala unachukua neno la mwisho na kulifanya jina la ukoo. Basi makala moja inalala chini ya Nakato, nyingine chini ya Sarah, N. Anayetafuta kazi zake anawakuta watu wawili, kila mmoja na vijimakala vyake vichache. Halafu tunashangaa kwa nini watafiti wetu hawanukuliwi.

Kuna ndugu zetu wa Toro na Bunyoro wenye empaako. Mtu anamaliza jina lake kwa Akiiki au Amooti, nalo ni jina la heshima na la upendo, lakini empaako zote hazizidi kumi na mbili. Ukimwingiza kwenye orodha kwa jina la Akiiki, umempanga foleni moja na nusu ya Fort Portal.

Hata waandishi wakubwa hawakusalimika. Okot p'Bitek ameshakaa chini ya P, chini ya B na chini ya O, kutegemea nani aliyeandaa orodha. Ile p' ya Kiacholi inayomfunga na jina la baba yake imewashinda wengi. Shaaban Robert, orodha nyingi zinamweka chini ya Robert, ambalo ni jina la baba yake, na zipo zinazomweka chini ya Shaaban. Mimi sioni sababu ya ugomvi. Jarida likiwa na msimamo, fuata wa jarida. Lisipokuwa nao, chagua mahali pamoja ubaki hapo makala nzima, na ukihofia msomaji atapotea, tia mstari mmoja kwenye B unaomwambia aangalie P.

Kanuni ninayoishika mimi ni kumwandika mtu kama anavyojiandika mwenyewe katika kazi zake nyingi. Ukiwa na shaka, tafuta makala zake nyingine ulinganishe, au tazama ukurasa wake wa ORCID, rejista inayompa kila mtafiti namba yake ya utambulisho. Namba ya ORCID ina tarakimu 16, inatolewa bure tangu mwaka 2012, na haijali kama jina lako linaanza mbele au nyuma. Kila aliyemo humu ajisajili leo kabla hajatoka, na aamue jina lake la uandishi. Ukiolewa, ukienda Hijja, ukipata daraja la upadri, tutapiga vigelegele. Jina la kwenye makala libaki lile lile.

Vyeo navyo havimo kwenye orodha. Nafahamu inavyouma kumwandika mwalimu aliyekulea kwa jina tupu na mwaka, bila Profesa wala Hajji. Mpelekee vyeo vyake vyote kwenye sehemu ya shukrani, tena viandike kwa kirefu.

Taasisi zetu zinatusumbua kwa namna yake, kwa sababu nazo hubadilisha majina. Ukirejelea tasnifu iliyowasilishwa hapo mlimani mwaka 1966, usiandike tu Chuo Kikuu cha Makerere. Wakati ule Makerere ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, tangu 1963 hadi 1970, na kabla yake ilifungamana na Chuo Kikuu cha London. Andika kilichoandikwa kwenye ukurasa wa jina la tasnifu. TUKI ya Dar es Salaam, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ikawa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, mwaka 2009; kitabu cha mwaka 1981 ni cha TUKI na kibaki cha TUKI. Kamati ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930, ambayo miaka ya 1950 makao yake yalikuwa hapa Makerere, jarida lake limebadilisha jina zaidi ya mara moja hadi likaitwa Kiswahili. Makala ya enzi zile hutajwa kwa jina ambalo jarida lilikuwa nalo siku inachapishwa. Ukilisahihisha liwe la kisasa, mkutubi atakwenda kwenye rafu nyingine.

Sensa nayo. Watu walihesabiwa Agosti 2014, lakini ripoti kuu ya UBOS, ofisi ya takwimu ya Uganda, ilichapishwa 2016. Mwaka wa rejeleo ni 2016. Hiyo 2014 imo ndani ya jina la ripoti. Nakutana na kosa hili kila mara kwenye makala za elimu na za afya. Na Katiba ya 1995 hairejelewi kwa ukurasa, maana kila chapa ina kurasa zake. Taja ibara. Anayetaka kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili aende ibara ya 6, na aseme ni kwa marekebisho ya 2005.

Kwa wale mnaoandika kwa Kiswahili, nina ombi. Makala ni ya Kiswahili kutoka kichwani hadi unyayoni, halafu orodha ya marejeleo inajaa "and" na "pp." na "et al.". Programu ndiyo iliyoyaweka, mwandishi hakuangalia. Kiswahili kina na wenzake, kina katika, kina mh. kwa mhariri mmoja na wah. kwa wengi, kina uk. na kur. Yatumie, na yafanane tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini jina la kitabu usilitafsiri. Kitabu cha Kiganda kinabaki na jina lake la Kiganda. Ukitaka kumsaidia msomaji wa nje, weka tafsiri yake kwenye mabano ya mraba baada ya jina. Mtu akiingia maktaba na tafsiri yako peke yake, hakipati.

Tuna pia vyanzo ambavyo mitindo hii haikuviwazia vizuri. Wengi wenu mmekaa chini ya mwembe na mzee wa ukoo mkamsikiliza mchana kutwa. APA inachukulia mazungumzo kama hayo, yakiwa si mahojiano rasmi ya utafiti wako mwenyewe, kuwa mawasiliano binafsi: unayataja ndani ya matini, jina na tarehe kamili, na kwenye orodha hayaingii, kwa kuwa msomaji hana pa kuyapata. Wanahistoria wana desturi ya kuweka orodha ya waliohojiwa peke yake, na kwa utafiti wa masimulizi napendelea desturi yao, maana mzee aliyekupa nusu ya makala yako hastahili kumalizikia kwenye mabano. Ila rudi kwanza kwenye fomu ya ridhaa. Kama ulimwahidi kwamba jina lake halitatajwa, halitatajwa, hata kama mhakiki atalidai. Kama kanda ya sauti imehifadhiwa kwenye maktaba au chumba cha nyaraka, hapo inakuwa chanzo kinachofikika, na inaingia kwenye orodha pamoja na namba yake ya hifadhi.

Zana. Tumieni Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo, ni ya bure, ipo tangu 2006, na hata umeme ukikatika kazi yako imo kwenye kompyuta yako. Mendeley na EndNote nazo zinafanya kazi. Mwenye moja asihame kwa sababu yangu. Faida kubwa ni kwamba jarida moja likikukataa, unabadili mtindo kwa mbofyo mmoja badala ya kukesha. Hasara yake ni kwamba programu haijui Nakato ni nani. Inachukua ilichopewa na tovuti: kichwa kizima kwa herufi kubwa, jina la mwandishi limegeuzwa, "Uganda Bureau of Statistics" imefanywa mtu mwenye jina la ukoo Statistics na herufi za mwanzo U. B. o. Kitufe cha kunukuu cha Google Scholar nacho kinakupa mstari unaopendeza macho, lakini huacha DOI. Kagua siku unayoingiza chanzo, kikiwa bado mbele ya macho yako. Usingoje usiku wa kuwasilisha, uko kwenye kibanda cha kuchapisha, foleni nyuma yako, na mwenye mashine anauliza kama ni nakala mbili au tatu.

Zotero ina jambo jingine ninalolipenda: inakuonya makala uliyohifadhi ikiwa imefutwa na jarida. Makala ya mwaka 1998 ya Lancet iliyohusisha chanjo na usonji ilifutwa mwaka 2010, na bado hutajwa na watu kama kwamba iko hai. Unaruhusiwa kuirejelea, ukiandika historia ya uongo ule kwa mfano, lakini lazima useme imefutwa.

Na hizi programu za akili unde. Siwakatazi kuzitumia kusawazisha lugha. Kuziomba marejeleo ni habari nyingine. Zinatunga. Zinakupa mwandishi anayefahamika, jarida lililopo, juzuu inayoaminika, na makala ambayo haijapata kuandikwa. Mwaka 2023, mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Nasi meza ya uhariri tumeanza kuziona. Zinajitambulisha zenyewe: DOI inafungua makala ya jambo jingine, au kurasa zilizotajwa zimo katikati ya makala ya mtu mwingine. Mswada wenye rejeleo moja la namna hiyo kwangu hauendi kwa mhakiki. Sina haja ya kujua mengine yapo mangapi.

Nimeambiwa chai iko tayari, kwa hiyo nimalizie na kazi mtakayoifanya mkirudi. Kila mmoja achapishe mswada wake kwenye karatasi, ampe jirani yake. Jirani achukue kalamu, aanze ukurasa wa kwanza, na kila akikuta jina na mwaka ndani ya matini aende kwenye orodha akatie vema. Litakalokuwa kwenye matini bila kuwa kwenye orodha, alizungushie duara. Litakalobaki kwenye orodha bila vema, alipigie mstari. Kisha achague matano yoyote, afungue DOI zake kwa simu, alinganishe jina la mwandishi herufi kwa herufi. Wenye miswada isiyo na DOI hata moja mje meza yangu, tutaanza na Crossref pamoja. Waliokuja na kompyuta tu, kibanda cha kuchapisha kiko ng'ambo ya barabara, na bado kiko wazi.